Yuliana na Ute wa Chura

Yuliana Banzi hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani, padri akirefusha mahubiri kidogo, yeye alianza kuegemea mguu huu mara ule, mpaka mumewe Dominiko amguse kwa kiwiko. Asubuhi ungemkuta bustanini akimwagilia kabichi. Jua halijawa kali yuko sokoni Morogoro mjini. Mchana yuko msibani kwa watu ambao hata jina la marehemu wao hakulishika sawasawa. Jioni yuko mlimani kwa mama yake kupeleka chumvi. Kijiji kizima cha Mlali kilimwita kiguu na njia. Dominiko, ambaye aliweza kushinda kutwa kwenye matuta ya vitunguu bila kuinua kichwa, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba yeye ameoa upepo.

Zamani miguu hiyo ilikuwa na kazi maalumu. Yuliana alikuwa mfagizi katika kiwanda kimoja pale mjini, kiwanda kikubwa ambacho ukianza kufagia upande mmoja, ukifika mwisho kule ulikotoka kumeshachafuka. Alikipenda kwa sababu hiyo. Kisha ikaja miaka ya mageuzi, viwanda vya umma vikawa vinauzwa au vinafungwa, na yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa. Wakati huohuo milango mingine ilifunguka. Foleni za sukari zikaisha, maduka yakajaa, mitumba ikatandazwa mpaka barabarani, na kila mwenye meza akawa mfanyabiashara. Yuliana alijaribu karibu kila kitu. Aliuza mitumba, akauza ndala, akauza mafuta ya kujipaka kutoka nje, akarudi kwenye mboga. Hakuna kilichomshika. Alikuwa kama mtu aliyesahau kitu mahali na hakumbuki ni kitu gani.

Mwaka wa tisini na sita mdogo wake Tomasi akarudi nyumbani.

Tomasi alikuwa utingo wa malori ya masafa, yale yanayokwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Aliondoka kijana mpana wa mabega, mpiga soga, mwenye kofia ya kila nchi. Aliporudi, Yuliana alimwona akija kwa mbali na begi dogo na kwa muda hakumtambua. Shati lilikuwa limemvaa yeye, si yeye aliyelivaa. Alikohoa akisalimia, akakohoa akikaa, akakohoa alipopewa maji.

"Ni vumbi la barabarani, dada," alisema. "Litatoka."

Majirani walikuja kumpa pole ya safari. Walisema, "Amekonda kidogo," kisha wakanyamaza, na katika kule kunyamaza kila mtu alisikia jina la ugonjwa. Miaka ile hakuna aliyeutaja. Uliitwa ugonjwa huu, au ule, au umeme, na aliyeupata alifungiwa chumba cha nyuma mpaka siku ya kumtoa.

Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kando. Ukoo unafuata mama, mashamba yanafuata mama, na mambo makubwa ya watoto yanaamuliwa na kaka wa mama yao. Watoto wa Yuliana, kuanzia binti yake mkubwa Winfrida, walikuwa na mjomba mmoja tu, na ndiye huyo aliyekuwa akikohoa kwenye kitanda cha kamba. Yuliana akamwambia twende hospitali. Tomasi akakataa. Akamwambia tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka Tomasi akageukia ukutani.

"Nikienda pale nitaandikwa," alisema. "Nikishaandikwa, nimekufa tayari. Niache nife kwanza ndipo waandike."

Tangu hapo Yuliana hakutulia hata kwa ule utulivu mdogo aliokuwa nao. Alianza kutwanga akaacha kinu na mchi ndani. Alifika sokoni akakuta ameacha mboga nyumbani.

Ni katika majuma hayo ndipo alipopata kazi kwa Daktari Wilfred. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja na wanafunzi wake wakapiga hema juu, pembeni mwa msitu, na shughuli yao ilikuwa moja: vyura. Watu wa mlimani walimwita Bwana Vyura na kucheka. Alihitaji mtu wa kupika na kupandisha vyakula kutoka Mlali, na nani mwingine angepanda na kushuka mlima ule kila siku bila kulalamika?

Alasiri moja, manyunyu yakidondoka, Yuliana alimkuta ameketi chini ya turubai amevaa glavu, ameshika kachura kadogo ka rangi ya jani kavu. Alikuwa akikamwagia maji juu ya bakuli na kukingia povu jeupe lililotoka mgongoni.

"Daktari, huyu amekukosea nini mpaka umwogeshe?"

Wilfred alicheka. "Namwomba ute wake, mama Winfrida. Nikishaupata namrudisha kwenye jani lake." Alimwinua chura ili aonekane vizuri. "Hebu mtazame. Anaishi kwenye unyevu, kwenye majani yanayooza, na ngozi yenyewe laini kama ya jicho. Lakini yeye haozi. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Yuliana hakuwahi.

"Ndani ya huu ute mna vipande vidogo sana vya protini. Tunaviita peptidi. Bakteria akitua kwenye ngozi, vile vipande vinamganda na kumtoboa. Anavuja, anakufa. Chura hana habari."

"Ni chura tu aliyejaliwa hivyo?"

"Hata wewe unavyo. Vya kwako si sawa na vya kwake, lakini kazi ni hiyohiyo. Vimo kwenye ngozi yako, kwenye machozi, kwenye mate, kwenye maziwa uliyowanyonyesha wanao. Ni sehemu ya kinga ya mwili."

Kinga. Yuliana alilidaka neno lile. Alilisikia redioni kila siku, kwamba ugonjwa ule ni upungufu wa kinga mwilini. Upungufu maana yake kitu kimepungua. Kilichopungua si kinaongezwa?

"Daktari," alisema taratibu, "mtu ambaye kinga yake imepungua, akiongezewa hii ya chura?"

Wilfred alikuwa akifunga kizibo cha kichupa. "Huko ndiko dunia inakotafuta, mama. Lakini ni safari ndefu. Hapa inaua bakteria kwenye kisahani. Ukiiweka kwenye damu ya mtu inaweza kumuua mtu mwenyewe. Tena kinacholeta UKIMWI si bakteria, ni kirusi, hilo ni jambo jingine kabisa. Na ndani ya ute huuhuu mna sumu pia. Ndiyo maana unaniona na glavu."

Yote hayo aliyasema, na aliyasema vizuri. Lakini Yuliana alikuwa ameshasikia kwamba huko ndiko dunia inakotafuta, na masikio yake yalifungwa hapohapo. Aliteremka mlima mbio, sufuria zikigongana mgongoni.

Jumamosi iliyofuata, kabla watu hawajanywa chai, alikuwa msituni peke yake akifunua majani ya migomba-mwitu. Alirudi na vyura kwenye kibuyu. Aliwachuna, akazianika ngozi juu ya bati, akazisaga, na unga wake akautia kwenye supu ya maharage yenye tangawizi nyingi ili kuua harufu. Tomasi alionja, akakunja uso.

"Ulimi unakufa ganzi, dada. Hii nini?"

"Kinga. Wasomi wanaitafuta dunia nzima, wewe umeletewa kitandani. Kunywa."

Kila jioni akampikia. Na kila jioni, jambo ambalo halijapata kutokea, Yuliana aliketi. Alivuta kigoda karibu na kitanda cha mdogo wake, akakunja mikono, akamsimulia habari za mama yao na za utotoni, kimya kimya, bila kunyanyuka kwenda kuangalia jiko. Tomasi alimtazama dada yake akiwa ametulia namna ile, akashika bakuli, akasema, "Iache ipoe kwanza, nitainywa."

Haukupita muda mrefu, kikohozi kikaanza kupungua. Tomasi akaanza kuomba ugali. Akaanza kutoka asubuhi, akisema anakwenda kukaa na madereva njia panda asikie kama kuna gari lenye nafasi. Mwezi ulipokwisha mashavu yalikuwa yamerudi, na siku moja Dominiko alimkuta anapasua kuni.

Ungetegemea mtu mwingine anyamaze na siri kama hiyo. Yuliana hakuweza. Furaha ilimpeleka nyumba hadi nyumba: Mlali, vijiji vya juu, sokoni mjini, hadi kwa rafiki zake wa kiwandani waliohamia Kilakala. Hakutaja ugonjwa, hapana. Alisema tu, "Mdogo wangu mlimwona. Sasa nendeni mkamwone." Watu walikwenda wakaona. Kisha wakaanza kuja.

Walikuja kwa adabu, wakijifanya wamepita tu. Mmoja ana binti. Mwingine ana mume ambaye hajisikii vizuri. Walileta kuku, sabuni, sukari, kitenge. Yuliana aliwapa unga kwenye karatasi, akawaelekeza namna ya kupika. Kazi ya Daktari Wilfred akaiacha bila kuaga. Msituni vyura wa rangi ya jani kavu wakawa adimu, maana sasa hata watu wengine walikuwa wakiwatafuta, na Yuliana akaanza kuchanganya na wa mferejini, kisha na yale machura makubwa yenye mabaka yanayokaa chini ya mitungi ya maji. Chura ni chura, alijiambia. Ila alipokuwa akiyachuna vidole vilimwasha, na siku moja alipojifuta jicho lilivimba mpaka kesho yake. Jambo hilo halikumkaa vizuri. Alilisukuma kando kwa kutembea zaidi.

Twalibu alikuja na gari. Alikuwa na duka la dawa baridi karibu na soko la mjini, kijana wa kanzu safi na maneno matamu, ambaye zamani baba yake aliuza vitambaa kwa kibali na yeye sasa aliuza chochote kilichoshuka bandarini: vidonge vya nguvu, makopo ya unga wa maziwa, dawa za minyoo, chupa za kuongeza damu.

"Shikamoo, mama Winfrida."

"Marahaba."

"Nimesikia habari zako mpaka nikaona aibu kukaa mjini. Sikiliza, mama. Mimi nina chupa, nina lebo, nina wateja mpaka Dodoma. Wewe lete unga tu. Tutaandika Kinga ya Uluguru, na picha ya mlima."

"Na ya chura?"

"Ya chura tuiache. Watu wa mjini wana kinyaa."

"Lakini sijui kama inamfaa kila mtu, baba."

Twalibu alicheka. "Siku hizi soko huria. Mwenye kutaka anauza, mwenye kutaka ananunua. Hakuna wa kukuuliza."

Yuliana aliomba muda wa kufikiri, lakini alimruhusu aondoke na kikopo kimoja cha kuwaonyesha wateja. Usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi hakujua alikuwa akiwaza nini.

Asubuhi hiyohiyo wakaja kumwita kwa Chausiku.

Chausiku alikuwa mjane wa makamo, Mwislamu wa ukoo wa zamani pale Mlali, mpika vitumbua ambaye wasafiri walimjua kwa sauti yake kabla ya vitumbua vyake. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amemzika binti yake mwaka uliopita baada ya kumuuguza kwa mikono yake, na tangu hapo aliishi na hofu kwamba na yeye ugonjwa ule umemwingia. Alikuwa amemwomba Yuliana unga, na Yuliana alimpa ule wa machura ya mabaka kwa sababu mwingine uliisha.

Walimkuta sakafuni. Alikuwa ametapika mpaka hana cha kutapika, midomo imebadilika rangi, na Yuliana alipomwekea mkono kifuani alihisi moyo ukienda, ukisita, ukiruka, kama kitu kilichofungiwa ndani kinatafuta mlango.

"Mama Chausiku! Mama, nisikie!"

"Umenipa nini?" Chausiku alinong'ona. "Yuliana, umenipa nini mwenzio?"

Hapakuwa na gari. Yuliana alikimbia akaleta mkokoteni wa kubebea nyanya, wakamlaza juu ya magunia, na yeye mwenyewe akashika mti wa mbele. Alivuta mpaka viganja vikachubuka. Walioona walisema baadaye kwamba hakuwa akilia wala kuomba. Alikuwa akisema tu, "Fanya haraka, fanya haraka," kana kwamba kuna mtu mwingine anayevuta.

Walipoingia uani mwa kituo cha afya, palikuwa na benchi kwenye kivuli cha baraza, na juu ya benchi watu wameketi kwa mstari, kila mmoja na kikombe chake. Muuguzi Nasra, mwanamke mrefu mwenye ushungi mweupe, alikuwa akimpa kila mtu vidonge na kusimama mbele yake mpaka avimeze. Wa tatu kwenye benchi, kikombe mdomoni, alikuwa Tomasi.

Kaka na dada walitazamana. Tomasi alimeza. Kisha Nasra akaona mkokoteni, akaacha kila kitu, na kwa muda hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza swali.

Chausiku alitundikiwa maji, akapigwa sindano, na gari la misheni likapatikana kumpeleka hospitali mjini. Nasra alitaka kujua amekula nini. Yuliana alisema yote, bila kuficha kitu, amesimama katikati ya chumba na mikono inayovuja damu. Muuguzi hakumfokea. Aliandika, akampa pamba, akaenda kwa mgonjwa. Yuliana angependelea kufokewa.

Nje, Tomasi alikuwa bado benchini. Wenzake wamekwishaondoka.

"Tangu lini?" Yuliana aliuliza.

"Tangu juma la kwanza la supu yako. Dominiko hakuniuliza kama nataka, alinipakia baiskelini, wewe ukiwa mlimani kwa Bwana Vyura. Nilimwomba asikwambie. Ni kifua kikuu, dada. Walipima makohozi. Ndiyo maana tunakuja kumezeshwa vidonge kila asubuhi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kifua kikuu, ungesikia lile jingine. Kila mtu anasikia lile jingine. Halafu," Tomasi alitazama kikombe, "ningekuambia wewe, kufika jioni wangejua mpaka Mgeta."

Hilo hakuweza kulikana. "Na supu yangu?"

"Niliionja siku ya kwanza. Ulimi ulikufa ganzi mpaka asubuhi. Nyingine zote nilimwagia migomba nyuma ya nyumba."

"Zote?"

"Ulikuwa umekaa, dada. Ulikuwa unaketi pale na kuongea na mimi kama zamani. Niliona nikisema siinywi, utaondoka."

Yuliana alishuka akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, mgongo ukiegemea gurudumu la mkokoteni. Watu wote waliokuja na kuku wao na sukari yao walikuja kwa sababu ya mashavu ya Tomasi, na mashavu ya Tomasi hayakuwahi kumjua chura hata mmoja. Kisha akanyanyuka, maana lilimjia wazo jingine. Ule unga ulikuwa bado kwenye majumba ya watu.

Akaanza kutembea. Alikwenda kila mahali alikokumbuka, na alikokuwa amesahau akakumbushwa. Alibisha hodi, akasalimia, akasema, "Ile dawa niliyowapa si dawa. Ni sumu. Naomba mnirudishie." Alidhani hiyo ndiyo kazi ngumu, kusema maneno hayo. Hakujua kwamba kazi ngumu ni watu kutokuamini. Mwanamke mmoja wa kijiji cha juu alimfungia mlango akisema Yuliana amepata wanunuzi wa mjini, sasa anawanyima wanyonge. Mzee mmoja aliapa kwamba ile supu imemponya magoti. Bwana mmoja alikuwa ameacha kwenda kuchukua vidonge vyake vya kifua kikuu kwa sababu unga wa Yuliana ulimtosha. Huyo ilibidi ampigie magoti, na hata hivyo alikwenda kituoni kwa sababu tu Yuliana alimsindikiza mpaka mbele ya Nasra, na kesho yake akaja tena kumsindikiza, na keshokutwa yake.

Alipanda pia kwa Daktari Wilfred. Alimkuta anafunga hema, maana vyura wa eneo lile walikuwa wamekwisha na kazi yake ilikuwa imeharibika. Alimsimulia. Daktari aliivua miwani.

"Nilikuambia ina sumu," alisema, bila ukali.

"Uliniambia."

"Lakini nilikuambia nikiwa nafunga vichupa. Nilikuona umebadilika uso, nikaendelea kufunga vichupa." Akavaa miwani. "Jumapili nitakuja kanisani kwenu, na Ijumaa msikitini wakiniruhusu. Waniulize mimi maswali."

Alikuja kweli. Alieleza kwa lugha nyepesi, akavumilia kuchekwa, na baadhi ya watu walirudisha karatasi zao zenye unga wakazitupa chooni. Si wote.

Lililobaki ni Twalibu. Yuliana alipofika dukani kwake alikuta rafu imejaa chupa ndogo za kahawia, zimeandikwa Kinga ya Uluguru kwa herufi za kijani, na mlima umechorwa vizuri mno.

"Twalibu, baba, mle ndani mna nini? Zaidi ya kile kikopo, mimi sikukuletea unga."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Hamna chura hata mmoja, kikopo chako hiki hapa hakijaguswa." Alishusha sauti kama anayempa zawadi. "Ni unga wa mlonge na tangawizi. Hauui mtu."

"Na unaponya?"

"Nimeandika unasaidia kinga. Kusaidia si kuponya."

Yuliana alisimama mbele ya duka lile akawaambia wapita njia kile alichokijua, mpaka sauti ikamkauka. Wengine walisimama kusikiliza. Wengine, waliposikia chupa ile ni ya kinga, ndipo walipoingia kununua.

Chausiku alipona. Alirudi Mlali akiwa amepungua sauti, akaendelea na vitumbua vyake. Yuliana alikwenda kumwomba radhi akiwa na Dominiko na wazee wa pande zote mbili, na Chausiku aliikubali radhi mbele ya watu. Walipobaki wawili alisema, "Nimekusamehe, mwanangu, ila kwangu usilete chakula." Hakuwahi kula kitu cha mkono wa Yuliana tena, na Yuliana hakuwahi kumlaumu.

Tomasi alimaliza dawa zake za miezi minane, akarudi kwenye malori. Nasra alikuwa amemshauri apimwe na lile jingine. Alikataa, akaondoka nalo, na kila lori lililopunguza mwendo njia panda lilimfanya Yuliana ainue kichwa. Mwaka wa tisini na nane akapima huko Mbeya, peke yake. Alirudi akamwambia dada yake jikoni, maneno mawili tu: "Ninao, dada." Yuliana alizima moto, akamshika mkono. Miaka ile hapakuwa na dawa ya ugonjwa ule ambayo mtu wa Mlali angeifikia. Palikuwa na kula vizuri, kulala ndani ya chandarua, na kuwahi kituoni kila homa inapogusa. Waliyafanya hayo. Yalimpa Tomasi miaka, na katika miaka hiyo alikaa kwenye kiti cha mjomba siku ya posa ya Winfrida, akabishana na washenga mpaka watu wakachoka kucheka.

Mwaka wa mwisho wa maisha ya Tomasi alikuja mtu Mlali, kijana wa tai, akiuza makopo ya unga wa maziwa ya mwanzo ya ng'ombe kutoka ng'ambo. Alisema mna peptidi ndani, zinazoimarisha kinga. Yuliana alisikia neno lile likitoka mdomoni mwa mgeni akasimama. Alikuwa tayari kumfukuza. Lakini Tomasi, aliyekuwa ameketi barazani kajifunika blanketi juani, aliita.

"Dada. Ninunulie."

"Tomasi, unajua—"

"Najua. Ninunulie hivyohivyo."

Alimpelekea Nasra lile kopo kwanza. Muuguzi alisoma maandishi, akanusa unga, akasema ni maziwa, hayatamdhuru, ila vidonge vya kikohozi kilichomrudia asiviache kwa ajili ya haya. Yuliana akakoroga kikombe kwa maji yaliyochemshwa, akampa, akavuta kigoda.

Tomasi alikunywa mpaka chini, akajifuta mdomo.

"Yana ladha gani?" Yuliana aliuliza.

"Kama maziwa yaliyoungua." Akafikiri kidogo. "Lakini ulimi upo."

Walicheka mpaka Dominiko akatoka shambani kuuliza kuna nini. Masika yalipoanza, Tomasi akafariki, mchana, chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi. Siku walipoanua matanga, Nasra alituma mtu kusema kuna mama mmoja wa kijiji cha juu hajaonekana benchini kumeza vidonge vyake tangu juzi. Yuliana alifunga kanga kiunoni, akauliza nyumba yenyewe iko upande gani wa mto.